Mtungi wa Bibi Yako na Pampu ya London

Mwanangu Zuwena,

Nisamehe kwa kimya changu. Mtu aliye mbali akikawia kuandika husingizia posta au mtandao. Mimi sina cha kusingizia, kwa sababu chumba changu na chako vinatenganishwa na ukuta mmoja tu, na tangu siku uliyoumwaga mtungi wa bibi yako mbele ya watu sijakwambia neno zaidi ya kuitikia salamu. Ulikuwa ukisema, "Shikamoo, Baba," nami nikijibu, "Marahaba," kisha nikigeukia dirishani kana kwamba kuna jambo la maana huko nje. Mama yako akawa tarishi baina yetu. "Baba yako anauliza kama umekula." "Mwambie nimekula." Na sote tumekaa meza moja.

Kesho unaondoka. Sitakuandikia habari za koti, wala za soksi, wala za kutofungulia mlango watu usiowajua. Hayo mama yako amekwisha kuyasema, na atayasema tena uwanja wa ndege. Mimi nina deni la maneno mengine.

Kwanza nikupe habari njema. Leo mchana, wewe na mama yako mlipokuwa sokoni, alikuja mgeni ambaye hukumkuta. Wafula ametoka hospitali. Amekonda, na sare yake ya ulinzi inampwaya mabegani kama aliyoazimwa na kaka yake, lakini alikuja kwa miguu yake kutoka kituo cha metro, akabisha hodi kwa sauti ileile ya kuamsha jengo zima. Nilimtilia wali na mchuzi wa papa uliobaki jana.

"Mwalimu," akaniambia, "kule walikuwa wananipa uji kama mtoto. Nimekuja kula."

Nikamwuliza kama daktari amemruhusu.

"Daktari alisema nile vizuri. Hakusema nile kwa nani."

Nilicheka, mwanangu. Nilicheka mpaka nikalazimika kuvua miwani. Alikuwa ndiye mgonjwa wa mwisho, na sasa wote wamepona. Hakuna aliyekufa. Nimeliandika neno hilo na nimelisoma tena, nione kama ni kweli. Ni kweli.

Nataka kukueleza nilivyofika mpaka kukaa na kuandika barua hii, kwa sababu wewe uliona mwanzo tu. Uliona baba aliyenuna. Hukuona baba huyo alifanya nini wewe ulipokuwa kazini.

Mtungi unaujua, lakini niache niueleze, maana wewe uliukuta tayari umesimama mlangoni na huenda hukupata kuuliza umefikaje. Bibi yako alipofariki, shangazi yako Mwanaidi aliuviringishia kanga za marehemu, akaupakia kwenye shehena ya Unguja, nami nikaupokea gatini Deira, katika mji huu wa Waarabu. Wakati ule nilikuwa karani wa mizigo pale. Nyumbani nilikuwa nimefundisha sarufi miaka mingi, na hapa nikawa nahesabu marobota. Nilipostaafu nikauweka mtungi nje ya mlango wetu, kwenye kivuli cha baraza, uwe sadaka ya mama yangu. Mji huu watu huweka mashine za maji baridi nje ya nyumba na misikiti, mpita njia anywe amwombee dua marehemu. Mimi sikutaka mashine. Nilitaka maji ya udongo, yaliyofukizwa ubani, kama aliyokuwa akitunywesha yeye. Kila asubuhi baada ya sala niliusuuza mtungi, nikaufudikiza juu ya chetezo mpaka moshi ukajaa ndani, kisha nikautia maji ya bomba, nikaufunika, na juu ya kifuniko nikaweka kata ya kifuu.

Watu wakaja. Wakaja Wakenya wa ghorofa za juu wakitoka duti, yaani kazini, wakaja madereva, wakaja watu ambao hawakupata kuonja maji ya ubani maishani mwao. Wafula, ambaye wakati ule bado alikuwa akiishi hapa Al Qusais, alisema yana ladha ya kanisani, na akaongeza haraka kwamba hayo ni maneno ya kuyasifu. Niliona kama mama yangu amepata wajukuu wapya.

Ndipo ulipoanza kuniletea Waingereza wako.

Ulikuwa umekwisha kupata nafasi yako ya kusoma London, elimu ya jinsi maradhi yanavyoenea, na kila usiku baada ya chakula ulikuwa ukinisimulia juu ya mabwana walioianzisha elimu hiyo. Majina yao siyaandiki hapa. Unayajua wewe, na mimi sipendi kuandika jina la mtu kwa makosa. Kulikuwa na yule daktari wa London aliyeshuku maji wakati wa kipindupindu, akachora mitaa, akatia alama kila nyumba yenye maiti, na alama zikaizunguka pampu moja ya barabarani. Kulikuwa na yule bwana wa ofisi ya serikali aliyekuwa akiandikisha vifo vya nchi nzima, sababu ya kila kifo na mahali pake. Kulikuwa na daktari wa mashambani, huko kusini-magharibi, aliyewajua wagonjwa wake kwa sura, akaona homa ya matumbo haitoki hewani, bali mtu huibeba kutoka nyumba hadi nyumba, na akihama kijiji huhama nayo. Na kulikuwa na kasisi, ambaye nitamrudia.

Nilikusikiliza kama mwalimu anavyomsikiliza mwanafunzi anayejibu vizuri, yaani bila ya kuonyesha. Lakini ulipokwenda kulala nilimwambia mama yako, "Huyu atatushinda wote." Hilo hakukwambia, kwa sababu nilimkataza.

Kisha jengo letu likaanza kuugua. Alianza mmoja wa ghorofa ya pili, akafuata dereva, wakafuata wengine. Homa haishuki, kichwa kinauma, tumbo limevurugika. Zahanati ikasema ni homa ya matumbo, taifodi kama waiitavyo Wakenya. Ulirudi kazini jioni moja, ukachuchumaa mbele ya mtungi, ukautazama muda mrefu, kisha ukanifuata jikoni. Ulisema kwa upole. Nakiri kwamba ulisema kwa upole.

"Baba, naomba tuufunge mtungi kwa muda."

"Kwa sababu gani?"

"Kila anayechota, vidole vyake vinaingia majini pamoja na kata."

"Unasema sadaka ya bibi yako inaua watu?"

"Sijasema inaua, Baba. Nasema mikono mingi inaingia mle."

"Mtungi unafukizwa kila siku."

"Moshi hausafishi maji, Baba."

Nikakwambia unyamaze. Siku ya pili yake, Ijumaa, watu wamesimama barazani wakisubiri zamu, ulitoka nje na kuuinamisha mtungi, maji yote yakamwagika sakafuni. Barasa, binamu yake Wafula, alikuwa ameshika kata. "Dada," akakuuliza, "sasa mimi ninywe upepo?" Watu wakacheka. Mimi nilikuwa mlangoni, nimevaa kanzu ya msikitini, na maji ya sadaka ya mama yangu yakipita kwenye viatu vyangu. Nikasema mbele yao wote, "Kama hiyo ndiyo elimu ya London, basi ukienda, utakwenda bila ya radhi yangu." Na hapo nikauingiza mtungi mtupu ndani, nikanyamaza.

Nilinyamaza, lakini sikuacha kubishana nawe. Nilibishana nawe kichwani tangu asubuhi mpaka jioni, na nilikuwa na hoja ambayo niliona haina jibu. Hoja yangu ilikuwa Wafula. Yeye alikuwa amekwisha kuhamia International City, mtaa ulio mbali na wetu, kabla ya maradhi kuanza. Jengo lake la huko halikuwa na mgonjwa mwingine. Naye ndiye aliyeugua kuliko wote, mpaka akalazwa. Nikamtuma mama yako: "Mwambie binti yako: ikiwa mtungi ndio wenye kosa, Wafula aliuguaje? Au maji yangu yalipanda basi yakamfuata?"

Mama yako akarudi na jibu lako: "Anasema, mwambie Baba aende akaulize."

Nilikasirika sana. Kisha nikavaa viatu nikaenda kuuliza.

Hapa ndipo pa kumrudia kasisi. Uliwahi kunisimulia kwamba alikuwa kasisi wa mtaa uleule wenye pampu, na hakukubaliana na daktari hata kidogo. Aliwazika watu wake kwa mikono yake, akaona hoja ya maji ni upuuzi, akaazimia kuivunja. Akazunguka nyumba kwa nyumba, kwa sababu alikuwa akizijua na walikuwa wakimfungulia. Uliponisimulia habari hiyo nilimpenda mtu yule. Nilimpenda kwa sababu alikuwa kiongozi wa dini, alikuwa na adabu, na hakutishika na daktari. Mwisho wa habari yake sikuutilia maanani.

Nilianza ghorofa ya juu. Mimi nami walikuwa wakinifungulia, maana nani atamfungia mlango mzee aliyemnywesha maji? Nikauliza kila mgonjwa alikuwa akinywa wapi. Kijana mmoja wa ghorofa ya tatu aliniambia kwamba yeye hanywi maji kabisa, hunywa chai tu. Moyo wangu ukaruka kwa furaha.

"Chai unapikia maji gani?"

"Ya mfereji wa ndani, Mwalimu. Yanachemka mpaka basi."

"Kwa hiyo hukupata kunywa mtungini kwangu."

"Kunywa? Hapana. Nilikuwa nasukutua tu nikitoka duti. Halafu nameza, kwani nitayatema maji ya sadaka?"

Nikamshukuru, nikatoka.

Nikaenda duka la mafundi cherehani pale kwenye kona. Wanafanya kazi hatua chache kutoka mlangoni kwangu, na hakuna hata mmoja aliyeugua. Sababu yake waliniambia wao: arbab wao, yaani tajiri wao, huwaletea maji ya chupa kubwa na amewakataza kutoka dukani wakati wa kazi, hata kwenda kunywa kwangu. Siku zote nilimhesabu bwana yule kuwa mchoyo, anayewanyima watu wake hata baraka za bure. Nilipotoka pale nilimkumbuka daktari wako wa London na wafanyakazi wa kiwanda cha pombe waliokaa karibu na pampu wasiugue, kwa kuwa walikuwa wakipewa pombe kazini na hawakuhitaji maji. Lakini sikutaka kumkumbuka. Nilijilazimisha kufikiria jambo jingine.

Barasa nilimweka mwisho, kwa sababu yeye ndiye niliyemtegemea. Nilimkuta chumbani kwake akipiga pasi sare.

"Barasa, Wafula amewahi kuja hapa tangu alipohama?"

"Wapi, Mwalimu! Kabla ya kuugua duti zake zilikuwa za usiku, mchana analala kama maiti. Mimi ndiye nilikuwa naenda kwake."

Nikamshukuru Mungu moyoni. Nikauliza swali moja zaidi, kwa kutimiza wajibu tu: alikuwa akimpelekea nini?

"Sikumpelekea kitu. Ningetoa wapi? Maji tu."

"Maji gani?"

"Yaleyale yako ya kanisani! Alisema ya kule kwao yana ladha ya plastiki. Kwa hivyo kila nikienda nilikuwa najaza chupa, naingia nayo basi. Kuna jamaa mmoja aliiona akauliza kama ni chang'aa. Nikamwambia hii ni ya Mwalimu. Khalas, akanyamaza."

Nilikaa kitandani kwake bila ya kukaribishwa. Maji yangu yalikuwa yamepanda basi.

Hapo sikuweza tena kumfukuza akilini yule mjane wa masimulizi yako. Uliniambia kwamba daktari wa London alisumbuliwa na kifo kimoja kilichotokea mbali, upande mwingine wa mji, penye hewa safi na pasipo na kipindupindu. Alikuwa mjane aliyewahi kuishi karibu na pampu ile. Alikuwa ameyapenda maji yake, na baada ya kuhama akawa anapelekewa kwa gari, kwa sababu ya ladha. Uliponisimulia nilikwambia ni kisa kizuri mno kuwa cha kweli. Sasa kisa chenyewe kilikuwa mbele yangu, kinapiga pasi, kinaniuliza, "Mwalimu, uko sawa? Nikuletee maji?"

Nikamwambia hapana, ahsante.

Zuwena, katika siku zile nimeyafikiria mambo mengi, na lililonichoma kuliko yote ni hili. Watu wa London waliokataa maneno ya daktari hawakuwa wajinga. Waliamini kwamba maradhi ni uvundo. Kinachonuka vibaya kinaua. Maji ya pampu yale yalikuwa meupe na matamu, basi yangeuaje? Nilipokuwa nikikusikiliza niliwacheka. Kumbe mimi nilikuwa mmoja wao. Wao waliogopa harufu mbaya, mimi niliamini harufu nzuri. Nilifukiza mtungi, nikanusa ubani, na pua yangu ikaniambia kwamba maji ni safi. Kosa ni lilelile, limetiwa manukato.

Na halikuanza hapa. Nilipokuwa mwalimu kijana, kipindupindu kiliingia Unguja. Mabwana afya wakapita mitaani kutia dawa visimani. Shuleni nilisimama mbele ya watoto nikawasomea tangazo kwa sauti kubwa: maji yatiwe dawa, au yachemshwe. Nikawaamuru walirudie. Nikarudi nyumbani, nikamkuta mama yangu amemwaga ndoo ya maji ya kisima chenye dawa, kwa kuwa yananuka, na amekwenda kuchota kwenye kisima cha zamani nyuma ya nyumba. Akayatia mtungini, akayafukiza, akanipa kata. Nami nikanywa. Tangazo lilikuwa bado mfukoni mwangu. Nilikuwa mwalimu wa watu, lakini sikuthubutu kumwambia mama yangu neno moja.

Hatukuugua. Hiyo ndiyo bahati mbaya ya jambo lile. Tungeugua, ningejifunza. Hatukuugua, basi nikakaa umri wangu wote nikidhani kwamba ubani ulitulinda, na kwamba kunyamaza kwangu kulikuwa adabu. Sasa najua kwamba kisima kile hakikuwa na kitu siku ile, basi. Ukiona jambo halikukudhuru, usiwe mwepesi wa kulishukuru. Huenda halikupata nafasi.

Wewe ulithubutu. Sijui kama ulifanya vizuri kumwaga mbele ya watu. Nimelipima jambo hilo na bado sijafika mwisho wake. Daktari wako hakuing'oa pampu kwa mikono yake. Alikwenda kwa wakubwa wa mtaa, akawaonyesha alichokiona, na wao, ingawa hawakusadiki sana, wakaamuru mpini uondolewe. Nilitaka nikwambie kwamba nawe ungefanya hivyo, ungekuja kwa mkubwa wa nyumba kwanza. Kisha nikakumbuka kwamba ulikuja, jikoni, nami nikakwambia unyamaze. Basi sina la kusema hapo. Nitakwambia tu kwamba huko uendako utakutana na wazee kama mimi, na mitungi mingine, na kila mtungi utakuwa wa mama wa mtu.

Kuna jambo moja la mwisho ambalo hukulijua. Nilipokwenda zahanati kuwaeleza habari ya mtungi na basi, muuguzi alinisikiliza, kisha akaniuliza nani anayeujaza. Nikasema ni mimi. Akaniambia kwa heshima kwamba baadhi ya watu hubaki na ugonjwa huu mwilini bila ya kuhisi chochote, wakawapa wengine kwa mikono yao, na kwamba itafaa nami nipimwe. Mzee wa umri wangu, niliyewahi kuwachapa watoto kwa kutosafisha kucha, nikapewa kikopo.

Siku za kungoja majibu sikulala vizuri. Sikumwambia mama yako sababu. Ulinikuta usiku mmoja nikinawa mikono jikoni, ukasema, "Shikamoo," nami nikaitikia nikiwa nimekupa mgongo. Ulidhani ni hasira. Nilikuwa naiogopa mikono yangu. Nilimwona Wafula kitandani na dripu mkononi, nikajiuliza kama mimi ndiye niliyemlaza pale kwa kumtakia mema. Nilipokwenda kumwona hospitali nikamweleza yote, habari ya kata na chupa ya Barasa. Akasema, "Na mimi nilikuwa nailaumu shawarma." Kisha akasema, "Wacha, Mwalimu. Ulinipa maji. Hukunipa sumu." Niliondoka na maneno hayo lakini hayakunitosha.

Jana wamenipigia simu. Mimi ni mzima. Sina kitu. Nilikuwa barazani, na nilipoweka simu chini nilikaa mahali pa mtungi, palipo wazi sasa, nikahisi kama mtu aliyeshushiwa gunia mgongoni. Mama yako alitoka akanikuta. "Unalia nini?" Nikamwambia ni vumbi. "Vumbi la wapi? Nimefagia sasa hivi!" Nikamweleza. Akaniita mpumbavu, akakaa kando yangu.

Mkono ulioanza kuyatia maradhi mtungini hatuujui. Yule kasisi alifika mpaka mwanzo: nyumba iliyo karibu na kisima cha pampu, mtoto mchanga mgonjwa, na mama yake akimwaga maji ya nepi kwenye shimo lililovujia kisimani. Na hivyo yeye aliyetoka kumpinga daktari ndiye aliyekwenda kumthibitisha. Mimi sikufika huko, na nimeridhika kutofika. Wewe hutaruhusiwa kuridhika. Kazi yako itakutaka uulize mpaka umpate wa kwanza. Basi utakapompata, kumbuka kwamba yule mama alikuwa akifua nepi tu. Alikuwa na mtoto mgonjwa, na alikuwa akifanya usafi.

Katika wote, anayenishinda ni yule bwana wa kuandikisha vifo. Yeye naye aliamini uvundo. Lakini aliandika kila kifo mahali pake, na nyumba ilipata maji kwa kampuni gani, na hakuzificha hesabu zilizokuwa zikimsuta. Akampa mpinzani wake, yule daktari wa pampu, hesabu hizo, na baadaye akabadili rai yake mbele ya watu. Mimi niliuliza milango yote nikiwa nautafuta ushindi. Yeye aliweza kuandika bila ya kuutafuta. Ukiweza kuwa kama mmoja wao, uwe kama huyo.

Na sasa neno ambalo lilipaswa kuwa la kwanza. Nililosema mlangoni, mbele ya Barasa na wenzake, nimelirudisha. Jana jioni nilipanda ngazi nikawaambia hivyo, kila chumba, maana walilisikia na wao. Barasa akasema, "Tulijua tu, Mwalimu. Tulikuwa tunangoja uchoke." Nenda na radhi yangu, Zuwena, yote, bila ya sharti. Barua hii nitaitia ndani ya mkoba wako, kwa sababu nikijaribu kukwambia kwa mdomo uwanja wa ndege nitaanza kukusahihisha matamshi.

Limebaki la mtungi. Upo chumbani kwangu, mkavu. Wafula ameuulizia leo kabla hata hajamaliza kula, na watu wa juu wananiuliza kila siku. Fundi mmoja amesema anaweza kuutoboa chini na kuutia koki, kifuniko kifungwe kabisa, maji yachujwe kabla ya kuingia, na mkono wa mtu usiguse ndani tena. Lakini haahidi kwamba hautapasuka. Ni udongo wa zamani. Shangazi yako ana haki nao kama mimi, nami nimempigia kumweleza. Mwanzoni alipiga kelele, "Utoboe mtungi wa mama?" Kisha akaniuliza, "Zuwena anasemaje?" Nikamwambia sijakuuliza. Akasema nikuulize kwanza.

Basi nakuuliza. London waliondoa mpini ili watu wasinywe, na sisi tunafikiria kutia koki ili wanywe tena. Ukifika salama, tuandikie rai yako. Mimi na shangazi yako tutaipima pamoja na zetu, na siku tutakapokata shauri, ama mtungi umetobolewa ukasimama, ama umepasuka, ama tumeuacha ukapumzika, nitakuandikia siku hiyohiyo. Sitanyamaza tena.

Baba yako